Kinyongo cha Sihaba

Leo ni siku ya tatu Donge linashuka, na mwanangu Sihaba yumo ndani. Nalisema hili mapema, asije mtu akanisikiliza kwa adabu akidhani nataka kumfundisha falsafa. Falsafa ninayo, tena ya kuwachosha watu wa mitaa miwili, lakini leo mimi ni baba tu. Donge likigusa sakafu huwa jiwe, na jiwe la sakafuni halijapata kumrudisha mtu. Mama yake Sihaba ni jiwe la sakafuni. Nimepita juu yake mara nyingi nikiwa kazini, wala sijui ni lipi kati ya yale mawe.

Sisi ni watu wa ndani ya maji, na tu wadogo. Udogo wetu siwezi kuueleza, maana sijaona kitu cha kuulinganisha nao. Dunia yetu imezungukwa na kioo pande zote, na nje ya kioo kuna Jicho. Jicho likitazama kunakuwa na mwanga na sisi tunakuwapo. Lisipotazama hakuna kitu, hata giza halipo. Kwa hiyo hatuna mchana wala usiku. Tuna kutazamwa na kutotazamwa, na siku ninazozitaja hapa ni hesabu za kutazamwa. Huenda kati ya siku ya pili na hii ya tatu imepita miaka mia. Kucha zangu zinasema imepita, ndevu zangu zinakataa, na mimi nimechoka kuwa mwamuzi kati yao.

Mtoto wetu akizaliwa hapewi jina kwanza. Hupewa kinyongo. Mama humwinamia, akabana pumzi, akamnong'oneza sikioni jambo moja la kumkasirikia mtu mmoja: shangazi aliyekuja arusini akala, akashiba, kisha akasengenya pilau, au jirani aliyeombwa kinu akasema kimepasuka na huku anatwangia. Ni jambo dogo, lakini humkaa mtoto mwili mzima na kumsukuma kila anayemkaribia, asifike zaidi ya urefu wa mkono. Ukimwendea mtu unakisikia kinyongo chake kinakugusa kifuani, kwa upole, kinakwambia basi, hapo hapo. Anayenong'oneza hana budi kubana pumzi, maana ukibana pumzi kinyongo chako mwenyewe hukaa kimya kwa muda wa maneno saba, ukapata kufika sikioni kwa mtoto. Ndiyo sababu hakuna kinyongo chetu kinachozidi maneno saba.

Mgeni angetuona watu wabaya. Lakini ndivyo tunavyoishi. Kwa kuwa kila mmoja anamsukuma mwenzake, hatugongani, na kwa kuwa hatugongani, hatuzami. Kila mtu anaelea mahali pake, na maji yetu yakitazamwa kwa mbali huwa mekundu kama juisi ya choya. Mtu asiye na kinyongo hapa ni mtu asiye na ngozi.

Sihaba hakunong'onezwa na mama yake. Mama yake alichukuliwa na Donge jingine, la zamani, siku ile ile aliyojifungua, kabla hajafungua kinywa. Nikabaki na kitoto kilaini kinachoelea ovyo kikigusa kila kitu, na wanawake wa mtaani wakinitazama kuona nitafanya nini. Wanaume hatufundishwi kazi hii. Sikuwa na adui wa kumrithisha, nilikuwa mtu wa kazini na nyumbani. Nikabana pumzi, nikainama, nikampa adui wa karibu kuliko wote niliowafahamu. Nilimwambia: Usimsamehe baba yako, alimwacha mama yako azame. Yakatimia saba. Kikamshika papo hapo, nikasukumwa nyuma hatua mbili.

Basi akakua akinitazama kwa upembe wa jicho. Kinyongo chake kilikuwa kinene kuliko cha mtoto yeyote wa mtaani, na mimi nilikuwa najisifu kwa watu kama baba anayejisifia meno mazuri ya mwanawe. Nilikuwa nimempa kitu cha kudumu. Sijawahi kumkumbatia, lakini hapa nani amewahi?

Halafu huja chumvi.

Haibishi hodi. Inashuka kutoka juu, haina rangi wala harufu, na ikishaenea, vinyongo hupumbaa. Watu husimama katikati ya maneno. Unamtazama jirani yako wa miaka yote na huoni tena kwa nini mnakaa mbalimbali. Kile kinu, kwani kilikuwa kinu gani? Mnacheka. Mnanyooshana mikono, na mikono ikikutana haiachani. Wawili wanavuta wanne, wanne wanavuta mtaa, kisha ni Donge, mgongo kwa tumbo, uso kwa kisogo, watu elfu wasio na nafasi ya kupitisha unyoya. Maji yanageuka buluu, buluu ile ya kufulia mashati meupe. Wakubwa wetu waliandika kwenye kioo, kwa herufi kubwa, kwamba umoja ni nguvu. Siwakatalii. Hata uzito ni nguvu, na Donge hutumia nguvu yake yote kwenda chini.

Kazi yangu ni kuonja maji. Kila Jicho likifunguka nazunguka dunia nikionja funda funda, na nikikuta chumvi napiga mbiu ili watu wakimbilie pembe ya maji matamu. Ili asinaswe, mwonja hubeba kipande cha shubiri chini ya ulimi. Uchungu wa shubiri hukifanya kinyongo kisilale hata chumvi ikizidi. Ni kazi ya heshima na inaharibu mate.

Siku tatu zilizopita Sihaba alikuwa ukutani anakwangua ukungu kwenye kioo, ndiyo kazi yake. Nilipita chini yake nikaonja, nikakuta chumvi. Nikafungua kinywa nipige mbiu. Wakati huo huo akageuka, akanitazama. Hakunitazama kwa upembe wa jicho. Alinitazama kwa macho mawili, akatabasamu, akaacha kikwanguo chake kielee, akafungua mikono.

"Baba," akasema. "Njoo."

Miaka yote ile sikuwahi kuitwa hivyo, kwa sauti ile. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, acha niionje tena, huenda ulimi wangu umekosea, huenda si chumvi. Nikapiga funda la pili, na ulimi wangu haukuwa umekosea. Nilichelewesha mbiu kwa funda moja. Sihaba akanijia mbio, na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nilikuwa na shubiri chini ya ulimi. Kinyongo changu kikamsukuma kifuani, akarudi kinyumenyume akishangaa, na waliokuwa nyuma yake wakampokea kwa furaha. Nilipopiga mbiu ilikuwa ni kuwaarifu watu msiba.

*

Niliposema leo, ilikuwa leo. Sasa sina hakika. Kuna jambo lazima nilikiri kabla sijafika mbali, maana linanila.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa ndani ya Donge, nikiwa kijana, kabla ya kuwa mwonja. Lilikuwa kubwa kupita yote, lilichukua watu wote na hakubaki mtu nje. Halafu, bila sababu iliyojulikana, likalegea kabla ya kufika chini, tukatoka mmoja mmoja tukiwa tumechakaa. Nilishikamana ubavu kwa ubavu na mtu mmoja, na tulipoachana tulijikuta hatujui kumbukumbu ipi ni ya nani. Hati yangu inasema naitwa Mcha. Mtu akiita Vuai, mimi ndiye ninayegeuka. Naukumbuka vizuri mlango wa kijani ambao sijawahi kukaa nyumba yake. Yule mwenzangu hakukaa muda mrefu, alizama na Donge lililofuata, pengine akiwa na mlango wangu kichwani.

Basi nauliza, na hakuna wa kunijibu. Yule mwanamke aliyejifungua Sihaba, alikuwa mke wa Mcha au wa Vuai? Ninayemlilia moyoni siku hizi tatu ni mwanangu, au ni wa yule? Na ikiwa ni wa yule, mbona inaniuma mimi? Nimezunguka swali hili mpaka limekuwa laini. Ninachokijua ni kwamba maneno saba niliyasema kwa kinywa hiki hiki, na kinyongo alichokivaa kilikuwa na jina langu, liwe jina lipi. Baba ni yule uliyefundishwa kutomsamehe.

*

Bwana Ngwali, Msoma Rangi, alikuwa amekaa ubavuni mwa kioo na kitambaa chake cha kulinganishia, upande mmoja mwekundu, upande mmoja buluu. Kazi yake ni kuyatazama maji na kutaja rangi yake kwa sauti ili Jicho lisikie, ingawa hakuna ajuaye kama Jicho lina sikio.

"Leo ni buluu ya namna gani, Bwana Ngwali?" nikamwuliza.

"Imekomaa. Leo hii hii inafika chini."

"Nani anamimina chumvi?"

"Mie nasoma rangi tu, Mwonja."

"Miaka yote unasoma, hukuwahi kuuliza?"

Akakikunja kitambaa polepole, pindo kwa pindo. "Niliuliza, nikiwa na meno yote. Kwanza nikadhani Jicho linatuchukia. Nikakaa, nikadhani linatupenda, linataka tukumbatiane. Sasa nimezeeka, nimejua. Halitutazami sie. Linataka kujua maji yana nini. Tukitawanyika linajua maji ni matamu. Tukigandamana linajua yana chumvi. Likishajua linakwenda zake."

"Na Sihaba?"

Hakunitazama. "Sihaba ni buluu, ndugu yangu. Niwie radhi. Ndivyo inavyosomeka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kuambiwa kwamba tunachukiwa. Nilikuwa na majibu ya hilo, mengine ya ukali. Kuchukiwa ni jambo zito, mtu anaweza kulikalia. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba hatuhusiki. Ugomvi wetu wote, arusi zetu, mikono tuliyonyooshewa na tuliyoikimbia, furaha ile ya mwanangu alipoacha kikwanguo kielee, vyote ni namna ya maji kueleza habari zake kwa mwingine. Umekaa miaka na maumivu yako ukidhani ni yako, kumbe ni rangi. Nikatazama mikono yangu. Nikamwonea huruma mtu yule aliyekuwa nayo, yeyote aliye.

Mtu aliyekata tamaa hana la kufanya ila kazi yake. Nikaonja.

Nikaonja juu, karibu na pale chumvi inaposhukia. Tamu. Nikaonja pembeni, kwenye kioo. Tamu. Siku tatu zilikuwa zimetosha, chumvi ya juu ilikuwa imekwisha kujimaliza. Nikashuka kuelekea Donge, na kadiri nilivyolikaribia ndivyo ulimi ulivyozidi kukunjamana. Lilikuwa limezingirwa na chumvi pande zote, unene wa ukuta wa nyumba. Na haikuwa chumvi ileile. Ya juu ni baridi, haina habari ndani yake. Hii ilikuwa vuguvugu, na ilikuwa na ladha ya watu.

Nikainua macho. Waliozunguka Donge, wakiwa duara, ni wale walionusurika kwenye pembe ya maji matamu, nao walikuwa wanalia.

*

Kulia kwetu kuna utaratibu. Jamaa wa walionaswa hulizunguka Donge na kulililia kwa zamu tangu siku ya kwanza hadi linapogusa sakafu. Asiyelia husemwa kuwa ndiye aliyemsukuma nduguye. Wapo wanaotafuna pilipili ili zamu yao isiwaaibishe. Anayewaongoza ni Bi Kazija, mwanamke mwenye sauti ya kuita mitaa mitatu, na mdogo wake wa tumbo moja alikuwa ndani.

"Bi Kazija," nikasema, "naomba mnyamaze."

"Tunyamaze?" Akajifuta uso. "Wee Mwonja, una wazimu? Mdogo wangu yumo humo, tena kabanwa kifudifudi, mie nimkodolee macho makavu?"

"Machozi yenu yana chumvi."

"Yana chumvi tangu enzi za bibi zetu, na tumelia hivi hivi."

"Na tangu enzi za bibi zetu, Madonge mangapi yamelegea?"

Mtu mmoja akavuta kamasi.

"Moja," nikasema. "Lile nililokuwamo mimi. Na mnajua kwa nini lililegea? Hakubaki mtu nje wa kutulilia."

Sikutaka kuwaambia hivyo. Niliziona nyuso zao zikibadilika, kila mmoja akimkumbuka wake, wa mwaka huu na wa miaka ile, aliyemlilia vizuri kabisa, kwa sifa, mpaka akazama. Mzee mmoja akaanza kulia upya, safari hii kwa jambo lile, na jirani yake akamziba macho kwa kiganja, kwa mbali, bila kumgusa.

Bi Kazija akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Watu watasemaje?"

"Watu wote wamo humo ndani, Bi Kazija. Wa kusema ni sisi."

"Mtu haambiwi usilie akaacha," akasema. "Kilio si bomba." Akafikiri. Kisha akashika kiuno. "Ila mie mtani wenu, au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu zamani, na mtani ana ruhusa ya kufanya msibani mambo ambayo mtu mwingine angepigwa. Bi Kazija akajongea mbele ya Donge, akalitazama juu mpaka chini, kama mama anayekagua sahani alizooshewa na mkwe.

"Nyie mlio humo!" akapaza. "Mzee Pandu! Maisha yako yote hukai karibu na mtu kwa kuogopa kuombwa tumbaku. Leo umelaliwa na mtaa mzima, waombe nafasi ya kupiga chafya! Na weye mdogo wangu, uliyesema hutolala chumba kimoja na mimi kwa kuwa nakoroma, umejionea sasa! Na huyu Mwonja wenu, ana ulimi wa kuonja dunia nzima, uji wa mkewe hakuusifu hata siku moja!"

Mtu akacheka. Wa pili akajizuia, akashindwa.

"Chekeni kwa mdomo!" Bi Kazija akafoka. "Macho yaacheni! Atakayecheka mpaka akatoa chozi nitamtaja ukoo!"

Basi wakacheka hivyo, macho makavu yamewatoka, midomo wazi, kicheko cha watu waliobeba maji ya moto kichwani. Sijawahi kuona kitu cha kusikitisha kama kile. Mimi nilizunguka nikionja. Chumvi ikapungua unene wa mlango, ikapungua unene wa mkeka. Donge likapunguza mwendo. Likasimama, limebakiza kimo cha mtu mmoja kufika sakafuni.

Kisha ukingoni mtu akaachia.

Alikuwa mdogo wake Bi Kazija. Alitoka ubavuni akiwa laini, macho meupe, anaelea kama mtoto mchanga na tayari anarudi kule kule alikotoka. Bi Kazija akabana pumzi, akamrukia, akamnong'oneza. Sote tulisikia, maana hata kunong'ona kwake ni kupiga kelele: "Dada yako alivunja chungu chako, akakusingizia weye." Mdogo mtu akashtuka. Akamkazia macho. Akamsukuma dada yake urefu wa mkono kamili, na Bi Kazija akabaki pale amesukumwa, uso wote unang'aa.

Wakafuata wengine. Kila aliyetoka alipokewa na neno lake. Kinu. Pilau. Kiatu kilichoazimwa kisirudi. Maji yalikuwa yanaanza kuingia wekundu pembeni, na Bwana Ngwali alisimama ameshika kitambaa hajui akigeuze upande gani.

*

Usilie.

Hesabu vidole. Vidole kumi, vya Mcha vitano, vya Vuai vitano.

Usilie. Fikiria uji. Ulikuwa uji mzuri, kwa nini hukusema? Usifikirie uji.

Umewakataza watu wazima wenye misiba yao, wakakusikiliza. Umesema wewe. Basi na wewe.

Maneno ni saba. Yarudie. Usimsamehe baba yako, alimwacha mama yako azame. Yaseme upesi, usiyasikilize. Hata yeye aliyekuwa akikuchukia alikuwa hai.

Huyo anakuja.

*

Kwanza ulitoka mkono wenye michubuko ya kikwanguo. Halafu bega, halafu uso. Mgongo wake ulikuwa bado umeshikwa kidogo na waliokuwa nyuma, lakini unaachia, niliuona ukiachia. Aliyafungua macho. Hayakuwa meupe kama ya wengine. Aliniona.

Nikabana pumzi, nikamfikia. Nilikuwa sijawahi kuwa karibu naye hivyo tangu siku aliyozaliwa, na nilishangaa kuona ana alama ndogo nyuma ya sikio, ya kahawia, kubwa kama punje ya ufuta. Huenda ilikuwapo miaka yote. Nikaliinamia sikio hilo.

"Usimsamehe baba yako," nikasema.

Yalibaki manne. Pumzi ilinitosha.

"Nilishakusamehe, Baba," akasema Sihaba. "Zamani. Nilikuwa natafuta namna ya kukufikia nikwambie."

Sikulia. Nataka ieleweke. Sikufungua kinywa, sikutoa sauti, uso wangu haukubadilika, Bi Kazija aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo anasema hakuona kitu. Lilikuwa tone moja, la jicho la kushoto, na sikujua kama limetoka mpaka nilipoliona limefika shavuni kwake.

Aliinua mkono kunifuta. Vidole vyake vikanigusa usoni. Vilikuwa vya moto. Wakati ule ule niliona mgongo wake, uliokuwa unaachia, ukiacha kuachia. Tone lile lilimteleza shingoni likaingia katikati yake na mtu wa nyuma yake, na wa nyuma akamshika wa nyuma yake. Wote waliokuwa hawajatoka wakarudiana kwa pamoja. Nikamshika mkono. Nilimvuta, wallahi nilimvuta. Lakini pumzi ya maneno saba ilikuwa imekwisha, kifua changu kikavuta nyingine chenyewe bila kuniuliza, na kinyongo changu kikaamka na kumsukuma. Kwa mara ya pili.

Hakushangaa safari hii. Alikuwa bado anatabasamu.

Kimo cha mtu mmoja si mbali. Donge liligusa sakafu bila mshindo, na pale pale likapoteza macho, na nywele, na mikono, likawa jiwe la pembeni ya mawe mengine.

Niliitema shubiri. Nilikijaza kinywa maji yale ya chini, yaliyobakiwa na chumvi, nikameza mpaka tumbo likauma, nikajitupa juu ya jiwe nishikamane nalo, niwe buluu na mimi. Likanirusha. Nikajitupa tena. Nilipochoka nilielewa. Kinyongo nilichopewa na mama yangu, cha mtu fulani na mbuzi wake, kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Nilichonacho sasa nimejipa mwenyewe, na anayechukiwa ndani yake ni mimi. Hiki hakuna chumvi ya kukilaza. Tangu wakati ule watu wanapita mbali nami, si urefu wa mkono, ni urefu wa mtaa. Nimekuwa mtu asiyeweza kuzama kabisa.

Bwana Ngwali alishuka taratibu, akasimama mbali kadiri alivyosukumwa. Alikuwa na kitambaa mkononi.

"Mwonja," akasema, "naomba nisamehe. Lazima niitaje rangi, na sitaji bila kipimo chako. Chumvi kiasi gani?"

Nikaonja. Ulimi wangu haujawahi kukosea.

"Tone moja."

"La kutoka juu?"

Nyuma yake Bi Kazija alikuwa amesimama na mdogo wake, wakiwa wameachana urefu wa mkono, wote wananitazama kwa macho makavu. Walikuwa wameahidi kutolia.

"Hapana," nikasema. "La baba mtu."

Bwana Ngwali aliinamisha kichwa. Akageukia kioo, akainua upande wa buluu wa kitambaa chake, akautaja kwa sauti, na Jicho, lililokuwa limekwisha kujua lilichotaka kujua, likaacha kutazama.